Mifuko 240, karatasi inasema 300: kisa cha mwalimu Mkristo kwenye kamati ya mapokezi

Shule ya msingi ya kijijini inajenga vyumba viwili vya madarasa kwa fosi akaunti. Fedha zimeingia kwenye akaunti ya shule, shule yenyewe inanunua vifaa na kumlipa fundi, na kamati za walimu na wanakijiji ndizo zinazosimamia. Ni wiki ya tatu ya Juni. Alhamisi jioni lori la saruji linaingia. Delivari noti ya mwenye duka inasema mifuko 300. Kamati ya mapokezi ina watu watatu: mwalimu ambaye ndiye mwenyekiti, mjumbe wa serikali ya kijiji, na mzazi mmoja. Wanahesabu, wanapata 240. Mjumbe wa kijiji, mwenye haraka zake, ameshasaini na kuondoka. Mzazi anamtazama mwalimu.

Mwalimu mkuu anamvuta mwalimu pembeni. Hawa wawili wanasali kanisa moja; mkuu ni mzee wa kanisa, mwalimu yumo kwenye kwaya. Maneno ni haya: "Mwalimu, hiyo 60 haijapotea. Hela ya ufundi imekwisha, fundi anatudai laki 9 na ameanza kuondoa vijana wake. Mwenye duka atatupa taslimu thamani ya mifuko 60, tunamlipa fundi, jengo linaisha. Tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa. Wewe saini tu. Sisi ni ndugu, tusikwamishane."

Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kwenye miradi ya aina hii nchini Tanzania. Hakimhusu mtu mmoja anayeweza kutajwa. Tumekichagua kwa sababu mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga vyumba 15,000 vya madarasa kwa shilingi milioni 20 kila kimoja, fosi akaunti ilienea sana, na kalamu ya kupokea vifaa ikawa mikononi mwa walimu na wazazi wa kawaida. Wengi wao ni waumini. Mahubiri wanayosikia juu ya kushinda uovu huhusu ulevi, uzinzi na uchawi. Juu ya delivari noti hawaambiwi neno.

Kinachoombwa hasa

Mwalimu haombwi kuiba, wala hakuna bahasha iliyotolewa. Anaombwa kuandika kwamba ameona kitu ambacho hakukiona. Ombi likielezwa hivyo, bila mapambo, nusu ya kazi imekwisha, maana nguvu yake iko kwenye maneno yaliyolizunguka: fundi, jengo, ndugu, tarehe 30.

Tupige hesabu. Kwa bei ya shilingi 16,000 kwa mfuko, mifuko 60 ni shilingi 960,000. Fundi anadai 900,000. Shilingi 60,000 zinazobaki hazikutajwa na mtu. Huenda mkuu hakupiga hesabu, huenda alipiga. Mwalimu hana haja ya kumtuhumu, ila ajue kwamba mpango usio na karatasi hauna pa kuonyesha salio.

Kuna hesabu nyingine iliyo nzito zaidi. Chumba kimoja cha darasa kina takriban meta 7 kwa 9, yaani meta za mraba 63. Sakafu ya zege ya sentimita 10 kwa vyumba viwili ni meta za ujazo 12.6. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto) hula mifuko kama 6.4 kwa kila meta ya ujazo, kwa hiyo sakafu peke yake inataka karibu mifuko 80. Msingi na kuta huwa vimeshachukua sehemu yao mapema, kwa hiyo upungufu huangukia kazi za mwisho, yaani sakafu na plasta. Kwenye 80 ya sakafu ukitoa 60, inabaki 20. Fundi mwenye mifuko 20 hatagoma. Atamwaga sakafu ya sentimita 5 kwa mchanganyiko wa 1:4:8, ambao hula mifuko kama 3.4 kwa meta ya ujazo, na mifuko yake itakaribia kutosha. Siku ya makabidhiano sakafu hiyo itang'aa kwa niru, tabaka jembamba la saruji lililosuguliwa juu. Miguu ya watoto na madawati yakishaanza kazi, niru inabanduka, vumbi linatoka, mashimo yanafuata.

Kwa hiyo kauli kwamba "hela haiingii mfukoni mwa mtu" haisafishi jambo hili. Deni la fundi limehamishiwa kwa watoto, na hawakuulizwa.

Kuna madhara ya tatu ambayo watu huyaona wakati wameshachelewa. Namba 300 haiwezi kukaa peke yake. Ikishaandikwa kwenye delivari noti, lazima iandikwe kwenye hati ya mapokezi, kisha kwenye leja ya stoo. Mtunza stoo sasa ana mifuko 60 kwenye leja ambayo haiko sakafuni, hivyo atalazimika kutunga hati za kutolea vifaa. Hati ya malipo itaambatanishwa na hayo yote pamoja na risiti ya EFD (mashine ya kodi) ya mifuko 300, na muhtasari wa kikao utasema kamati iliridhika. Sahihi moja imewaingiza wengine katika uongo, na baadhi yao hawakuwepo lori lilipofika. Mwenye duka naye ameshika siri ya shule. Mwaka ujao yeye ndiye atakayepanga bei.

Mvuto wa uovu wenye sababu nzuri

Mkristo aliyefundishwa kukataa rushwa hujiandaa kwa adui mwenye pembe. Hapa anakutana na mzee wa kanisa mwenye uchovu wa kweli, deni la kweli na jengo linalohitajika kweli. Tunaamini huyu mkuu si mtu mbaya, na tunasema hivyo kwa makusudi. Mwalimu akishaanza kumwona kama Yuda atapoteza njia ya kumsaidia, na kumsaidia ni sehemu ya wajibu wake.

Maandiko yatatajwa haraka sana katika mazungumzo kama haya, kwa hiyo afadhali mwalimu awe ameyafikiri mapema. Ataambiwa atii mamlaka. Mwalimu mkuu ni mamlaka kweli, lakini na yeye yuko chini ya sheria ileile; kumtii katika kuivunja ni kuiasi mamlaka iliyo juu yake. Wakunga wa Kiebrania katika Kutoka 1 walikuwa na amri ya mfalme mwenyewe, na Mungu akawatendea mema kwa kutoitii. Ataambiwa tena kwamba Yesu alisema tusishindane na mtu mwovu. Maneno hayo ya Mathayo 5 yanahusu mtu aliyepigwa kofi yeye mwenyewe. Shavu linalopigwa hapa ni la mtoto wa darasa la pili, na mwalimu hana haki ya kuligeuza kwa niaba yake.

Andiko linalokaribia kabisa kisa hiki halisomwi sana makanisani. Ni Ezra 8. Ezra anaondoka Babeli na mali ya hekalu, na ameona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani, kwa kuwa alishatangaza kwamba Mungu atawalinda. Wamefunga na kuomba kando ya mto Ahava. Mtu huyohuyo, mwenye imani ya kiasi hicho, anawapimia makuhani 12 talanta 650 za fedha kabla ya safari. Wakifika Yerusalemu, siku ya nne fedha inapimwa upya nyumbani mwa Mungu mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili waliotajwa majina, na uzito wote unaandikwa wakati uleule. Maombi hayakuondoa mizani. Wala mizani haikuwa tusi kwa makuhani, iliwalinda wasishukiwe. Mwalimu aliyeketi kwenye kamati ya mapokezi anafanya kazi ya Meremothi, kuhani aliyeipokea fedha hiyo Yerusalemu, na wenzake, na angefaa kuombewa mbele ya kanisa siku anapopewa barua ya uteuzi, kama tunavyowaombea wanakwaya wanaosafiri.

La kufanya jioni ile, kabla lori halijaondoka

Watu wengi hudhani kuna njia mbili: kusaini au kugombana. Njia ya tatu ndiyo inayofaa, nayo ni kusaini ukweli. Mwalimu asikatae kusaini. Asaini 240.

Ili sahihi hiyo isimame, hesabu yenyewe iwe safi. Saruji ipangwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, kwa safu za mifuko 10 kwenda juu, ili safu zihesabike kwa macho: safu 24 ni mifuko 240. Watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake ndipo walinganishe. Mifuko iliyochanika itengwe na idadi yake iandikwe. Mfuko ni kilo 50, na uliomwaga robo haupokelewi kama mzima. Namba ya gari, tarehe na saa viandikwe. Picha moja ya simu inayoonyesha safu zote inatosha.

Kwenye delivari noti, kwenye nakala zote, mwalimu aandike kwa mkono wake: "Imepokelewa mifuko 240 (mia mbili na arobaini). Mifuko 60 haikufika." Idadi iwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu 240 ya tarakimu peke yake inageuzwa kwa kalamu ndogo. Mistari iliyo wazi chini yake ikatwe kwa mstari wa mshazari. Dereva naye asaini papo hapo. Dereva akikataa, hilo nalo liandikwe, na mzazi asaini kama shahidi. Hati ya mapokezi ijazwe jioni hiyohiyo, isilale hadi kesho. Karatasi ikilala, inaamka na namba nyingine.

Maneno ya kumwambia mkuu yawe machache na yenye heshima, na yasemwe pembeni alikomwitia: "Mkuu, tumehesabu mara 2, ni 240. Nasaini 240 sasa hivi ili gari liondoke. Zile 60 zikija, hata usiku, niite nizipokee. Hili la fundi ni kubwa, naomba kesho asubuhi tuite kikao, na barua nitakusaidia kuiandika." Humo hamna shutuma hata moja, wala neno "dhambi" halijatajwa. Kuna kukataa kusikoweza kupindishwa, na kuna mkono ulionyooshwa.

Mfano wa mkono huo ni Danieli 1. Danieli aliazimu moyoni mwake asile chakula cha mfalme, lakini hakumgomea mkuu wa matowashi. Aliomba. Mkuu alipoeleza hofu yake, kwamba kichwa chake kingekuwa hatarini, Danieli aliichukua hofu hiyo kwa uzito, akamwendea msimamizi na pendekezo linalopimika: siku 10, kisha mtulinganishe na wengine. Mwalimu ajiulize mkuu wake anaogopa nini. Anaogopa fundi kuondoka, na anaogopa tarehe 30. Yote mawili yana njia halali.

Njia halali ilikuwepo

Kama kweli mradi unaweza kuisha kwa mifuko 240, basi oda ipunguzwe kwa maandishi kutoka 300 hadi 240, mwenye duka atoe ankara na risiti ya 240, na shule imwombe Mkurugenzi wa halmashauri kibali cha kuhamishia kiasi kilichookolewa kwenye ufundi. Jambo lilelile lililopangwa gizani linawezekana mchana. Mhandisi wa halmashauri ataulizwa kama saruji inatosha. Na hapo ndipo ukweli hujitokeza: akisema sakafu inataka mifuko 80, basi zile 60 hazikuwa ziada, na mpango wa jioni ile tangu mwanzo ulikuwa wa kula sakafu.

Fundi alipwe kwa hatua za kazi kama mkataba wake unavyosema. Mara nyingi deni la ghafla hutokana na kumlipa mapema kuliko kazi iliyofanyika, na hilo nalo kikao kiliangalie bila kuoneana aibu. Kazi zisizohitaji ufundi, kama kusogeza mchanga, kuchota maji na kujaza kifusi, zinaweza kupelekwa kwenye mkutano wa kijiji kama nguvukazi. Na fedha ambazo hazijatumika zina utaratibu wa kuvuka mwaka wa fedha, unaopaswa kuombwa kabla mwaka haujaisha. Mhasibu wa halmashauri anaujua. Tarehe 30 Juni hutumika sana kama fimbo kwa watu ambao hawajawahi kumuuliza.

Mahali ambapo waumini huteleza

Kosa tunaloliona limezoeleka kuliko yote ni kutoweka. Mwalimu anajua lori linakuja na mpango ulivyo, hivyo anaugua siku hiyo, au anaomba ruhusa ya msiba wa mbali. Dhamiri inatulia kwa kuwa hakusaini. Lakini alikuwa mwenyekiti, na kiti chake kilichobaki wazi ndicho kilichoupitisha uongo. Kama hawezi kazi hiyo, ajiuzulu kwa barua mapema ili apatikane mwingine.

Wengine husaini 300 kwa ahadi kwamba 60 itakuja kesho. Mwenye duka akishalipwa 300 hana sababu ya kuharakisha, na mwalimu hana tena karatasi ya kudai. Wengine husaini fomu tupu ili "mkuu ajaze". Wengine hukataa kwa mdomo, kwa sauti kubwa, mbele ya vibarua, pamoja na mistari ya Biblia. Wakishaondoka hakuna walichoandika, na baada ya miezi 6 mkaguzi anakuta hati yenye 300 na jina lao kwenye orodha ya kamati. Na wapo wanaokataa vizuri kabisa, kisha wanaweka picha kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Hapo wameharibu jina la mtu kabla hajapewa nafasi ya kurekebisha, na wamempa sababu ya kuwashtaki wao.

Tahadhari ndogo: baada ya kikao kizuri, mwenye duka anaweza kuleta "nauli" ya 20,000 kwa kila mwanakamati, kwa tabasamu, kama shukrani. Irudishwe mbele ya mtu. Yohana Mbatizaji aliwaambia askari watosheke na mshahara wao.

Mkuu akikataa

Akikasirika na kumwondoa mwalimu kwenye kamati, mwalimu asipiganie kiti. Aombe makabidhiano kwa maandishi yanayoonyesha hali ya stoo siku anapoondoka: iliyopokelewa, iliyotoka, iliyobaki. Akipewa barua ya kujieleza ajibu ndani ya muda uliotajwa, kwa matukio na tarehe, bila kumsema mtu tabia. Chama cha Walimu kinaweza kumshauri kabla hajajibu. Nyaraka halisi asizipeleke nyumbani. Hilo ni kosa litakalomgeuka. Daftari lake mwenyewe, lenye tarehe, idadi na waliokuwepo, linamtosha.

Akigundua kwamba hati nyingine ya 300 imeandikwa na malipo yanaandaliwa, basi jambo limevuka mlango wa shule. Kwanza amwandikie mkuu mwenyewe barua fupi: idadi niliyopokea ni 240, naomba hati irekebishwe kabla ya malipo. Ampe siku chache za kutenda. Zikipita bure, nakala iende kwa mwenyekiti wa kamati ya shule na kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri, na ikibidi ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au kwa simu ya bure 113. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 22, inazigusa moja kwa moja nyaraka zenye maelezo ya uongo zinazotumika kumdanganya mwajiri. Na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema. Tusimdanganye mtu: ulinzi wa sheria hauzuii kununiwa, wala kuhamishiwa shule ya mbali. Gharama ipo, na anayemshauri mwalimu amwambie hivyo mapema.

Kanisa lisimwache, wala lisizime

Mchungaji akisikia, silika yake ya kwanza itakuwa kuwaita wote wawili ofisini, kuomba, na kuwapatanisha "yaishe". Awapatanishe watu, lakini namba asiiguse. Hatua za Mathayo 18 zinamhusu ndugu aliyekukosea wewe; mwalimu anaweza kumsamehe mkuu kwa maneno makali aliyomtolea, na amsamehe. Mifuko 60 si yake kuisamehe, wala si ya mchungaji. Mzee wa kanisa akikubali kurekebisha hati, kanisa limsimamie kwa upole na lisimtangaze. Akikataa, asiendelee kuhesabu sadaka kana kwamba hakuna kitu. Na mwalimu akihamishwa, kanisa limsaidie nauli ya mizigo na kumtafutia chumba huko aendako. Msaada wa namna hiyo huonekana, na walimu wengine waumini wanautazama.

Kwa aliyekwisha kusaini

Wapo watakaosoma haya wakiwa na sahihi yao tayari chini ya 300. Kama malipo hayajafanyika, kuna muda. Rudi stoo na shahidi mmoja, hesabu upya kilichopo pamoja na kilichokwisha kutumika kwa mujibu wa hati za kutolea, uipate idadi halisi iliyoingia. Usifute kwa wino mweupe wala usichane karatasi. Kata 300 kwa mstari mmoja unaoiacha isomeke, andika 240 pembeni, weka tarehe ya leo na sahihi yako, kisha mwandikie mwalimu mkuu na wanakamati wenzako kwamba umerekebisha na kwa nini. Kama malipo yamefanyika, kalamu hiyo haina kazi tena kwenye hati. Andika maelezo yako na uyapeleke kwa mkaguzi wa ndani wewe mwenyewe, kabla hajakuita. Na kama ulipata chochote katika mgawo huo, kirudishe kwenye akaunti ya shule kwa benki, utunze hati ya benki. Zakayo aliahidi kurudisha mara 4 kwa kila aliyemdhulumu. Wewe anza na ile moja, wiki hii.